Seva inasema mhasibu aliingia usiku wa manane: jinsi ya kuchunguza saa za kuingia zisizo sahihi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nasimamia seva moja ya Ubuntu kwenye SACCOS yetu hapa Morogoro. Ipo ofisini, karibu na meza yangu. Wahasibu huingia kwa PuTTY, programu ya kuifikia seva kupitia mtandao, kutoka kwenye kompyuta zao za Windows. Bodi iliomba orodha ya nani aliingia lini mwezi Machi 2025, nikatoa amri ya last, inayoorodhesha walioingia. Saa hazilingani kabisa na kitabu cha getini. Tarehe 11 mhasibu alisaini kwa mlinzi saa 2 kamili asubuhi, seva inasema aliingia 05:05. Nimejaribu kuongeza saa tatu kwenye mistari yote, bado imekataa. Umeme ulipokatika usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 15 mpaka Jumatatu asubuhi ndiyo balaa: seva inasema aliingia Ijumaa tarehe 14 saa 23:47, akakaa humo siku mbili na saa kumi na moja. Tena nilipofungua faili ya kumbukumbu kwa utmpdump, amri inayoonyesha rekodi ghafi, nikakuta mstari wa 1 Januari 1970. Mistari yenyewe nimekutumia. Bodi imeshaanza kumhoji dada wa watu. Je, PuTTY inadanganya, seva imeingiliwa, au kuna kitu sijui kukisoma?

Jibu: Marahaba. Kabla ya lolote, iombe bodi isimamishe mahojiano mpaka umalize kazi hii. Katika mistari uliyonitumia sioni mtu aliyeingia usiku. Naona makosa mawili ya saa, kila moja na chanzo chake, yaliyokutana kwenye orodha moja, na ndiyo maana hesabu imekataa kulingana kila ulipojaribu kuongeza saa tatu kwenye mistari yote. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa orodha kama hiyo, kwa hiyo twende taratibu.

Na usiguse saa ya seva bado. Najua mkono unawasha, lakini ukiirekebisha sasa unafuta kipimo pekee cha kosa ulichonacho. Chukua simu yenye intaneti, iweke kando ya skrini, kisha utoe amri hizi tatu na upige picha skrini na simu kwa pamoja:

date -u
timedatectl
sudo hwclock --show

Baada ya hapo nakili faili za kumbukumbu pembeni, na uandike alama zake ili kesho mtu asiseme ulizichezea:

sudo mkdir /root/nakala
sudo cp -p /var/log/wtmp* /var/log/auth.log* /root/nakala/
sudo sh -c 'sha256sum /root/nakala/*'

Sasa PuTTY. PuTTY haiandiki chochote kwenye orodha uliyoisoma. Anayeandika ni seva yenyewe: mtu akishakubaliwa na sshd, huduma inayopokea wanaoingia kupitia mtandao, rekodi inaongezwa mwishoni mwa /var/log/wtmp, na amri ya last inasoma humo. PuTTY ina kumbukumbu yake tu, kama mtumiaji aliiwasha kwenye mipangilio. Faili hiyo hukaa kwenye kompyuta ya Windows na huanza na mstari wenye tarehe na saa ya Windows. Ni saa nyingine kabisa, ya mashine nyingine. Kama mhasibu alikuwa ameiwasha, omba nakala yake. Itakusaidia baadaye kama shahidi wa pembeni, ilimradi uhakikishe kwanza saa ya kompyuta ile ni sahihi.

Wtmp ni faili ya namba, siyo maandishi. Kwenye seva ya kawaida ya biti 64 ya Intel au AMD, kila rekodi ina baiti 384, na ndani yake muda umehifadhiwa kama idadi ya sekunde tangu 1 Januari 1970 saa 00:00 za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ndani ya faili hakuna Morogoro, hakuna Dar es Salaam, hakuna ukanda wa saa wowote. Hizo 05:05 ulizoziona hazikuandikwa na mtu. Last ilizikokotoa pale pale ulipobonyeza Enter, kwa kufuata ukanda wa saa uliowekwa kwenye seva au kwenye akaunti yako. Kwa hiyo kwa kila mstari unaotiliwa shaka kuna maswali mawili ya kutenganisha: namba iliyoandikwa ni sahihi? Na tafsiri yake kwenye skrini ni sahihi? Msimamizi anayeyachanganya maswali haya mawili atazunguka wiki nzima.

Tarehe 11 ni kosa la tafsiri peke yake. Itazame rekodi yenyewe kwa utmpdump, ambayo kwenye matoleo ya sasa huonyesha muda kwa UTC daima:

sudo utmpdump /var/log/wtmp | grep mhasibu

[7] [02314] [ts/0] [mhasibu ] [pts/0 ] [192.168.10.24 ] [192.168.10.24 ] [2025-03-11T05:05:12,482113+00:00]

Namba 7 mwanzoni inamaanisha mtumiaji ameingia. Kutoka kwake kutakuwa na 8. Ile +00:00 mwishoni ndiyo inayoeleza yote. Saa 05:05 za UTC ni 08:05 za Afrika Mashariki, yaani saa 2 na dakika 5 asubuhi. Alisaini getini saa 2 kamili, akafungua kompyuta, akaingia. Seva yako ilisakinishwa bila mtu kuchagua ukanda wa saa, ikabaki kwenye UTC, na last ikakuonyesha UTC bila kukuambia. Hakikisha mwenyewe bila kubadilisha kitu, kwa kutaja ukanda wa saa (TZ) ndani ya amri:

TZ=Africa/Dar_es_Salaam last -F mhasibu

Ile -F inaleta tarehe kamili na mwaka, vitu ambavyo last ya kawaida huvificha. Kwa mwezi uliopita, faili ikiwa imeshazungushwa, yaani ya zamani imewekwa kando na mpya kuanzishwa, ongeza -f /var/log/wtmp.1.

Hapo kuna mtego. Wengi huandika TZ=EAT wakidhani wameomba saa za Afrika Mashariki. Mfumo hauna ukanda unaoitwa hivyo, na badala ya kulalamika unatoa saa za UTC huku ukizibandika herufi EAT. Unapata saa isiyo sahihi yenye lebo sahihi, na hakuna kosa baya kuliko hilo kwenye ripoti ya bodi. Mwingine huchagua Etc/GMT+3. Alama kwenye majina hayo imegeuzwa: Etc/GMT+3 iko saa tatu nyuma ya UTC, kwa hiyo kwetu saa zinapotoka kwa saa sita nzima. Tumia jina la mji, Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, na utalala usingizi.

Saa sita hizo zina chanzo kingine hapa kwetu, nacho hakimo kwenye kompyuta. Mlinzi anaandika 2:05 kwa saa za Kiswahili. Karani anayechapa kitabu kile kwenye jedwali anaandika 02:05, na kwenye ripoti tayari mtu amefika ofisini usiku wa manane. Kwenye ripoti yako andika saa ishirini na nne pamoja na ukanda, na ukinukuu kitabu cha getini, nukuu na neno lililoandikwa kando yake, asubuhi au jioni.

Ukubwa wa tofauti, na jinsi unavyobadilika, hukuonyesha chanzo kabla hujafungua faili hata moja. Saa tatu kamili zisizobadilika mwaka mzima ni UTC. Saa moja kamili isiyobadilika ni ukanda wa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, na huonekana sana kwenye mashirika yenye matawi pande zote mbili za mpaka. Tofauti ya saa mbili inayokuwa saa moja mwishoni mwa Machi na kurudi mbili mwishoni mwa Oktoba ni seva iliyowekwa kwa saa za Ulaya ya kati, kwa sababu wao hubadilisha saa majira ya joto na sisi hatubadilishi. Dakika zinazoongezeka kidogo kidogo ni saa isiyosawazishwa na mtandao: kristali inayokosea sehemu 20 kwa milioni, ambalo ni jambo la kawaida, hupoteza au huongeza sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Na tofauti isiyo na mpangilio, inayotokea baada ya umeme kukatika tu, ni tatizo la pili ulilonalo.

Hili la pili ni zito kwa sababu namba yenyewe iliyoandikwa si sahihi. Hakuna TZ itakayolitibu. Mstari wako ni huu:

mhasibu pts/0 192.168.10.24 Fri Mar 14 23:47 - 11:40 (2+11:53)

Ukiutafsiri kwa saa zetu unakuwa Jumamosi tarehe 15 saa 02:47, mpaka Jumatatu tarehe 17 saa 14:40. Umesema umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumamosi na kurudi Jumatatu asubuhi. Basi jiulize: mtu aliingiaje kwenye mashine isiyo na umeme, kutoka kwenye kompyuta ya ofisini yenye anwani ya 192.168.10.24, ambayo nayo haina umeme?

Kilichotokea, kwa kadiri mstari unavyoonyesha, ni hiki. Kwenye mazabodi (motherboard) kuna betri ndogo ya CR2032 inayoitunza saa mashine ikiwa imezimwa. Betri hiyo ikifa, saa ya mazabodi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani kila umeme ukikatika. Ubuntu ikiwaka na kukuta saa iko miaka mingi nyuma, huduma ya systemd-timesyncd huisogeza hadi saa ya mwisho iliyohifadhiwa kwenye diski, yaani karibu na dakika umeme ulipokatika. Mashine inaamka Jumatatu asubuhi ikiamini bado ni Jumamosi saa nane na nusu usiku. Intaneti ikirudi, inauliza seva za saa na kuruka mbele zaidi ya siku mbili kwa mkupuo. Yeyote aliyeingia kabla ya mruko huo ameandikwa Jumamosi usiku. Akitoka baada yake, kutoka kwake kumeandikwa kwa usahihi. Zile siku mbili na saa kumi na moja ni mruko wa saa uliojumlishwa na kikao cha kawaida cha siku moja.

Hayo ni maelezo; bodi inahitaji ushahidi, na ushahidi upo. Journald, huduma ya Ubuntu inayotunza kumbukumbu za mfumo, huandika kila tukio kwa vipimo viwili vya muda: saa ya ukutani, yaani tarehe na saa ya mashine, ambayo inaweza kuruka, na hesabu ya sekunde tangu mashine iwake, ambayo hairuki hata saa ikibadilishwa mara kumi. Tafuta kwanza uwashaji wa siku hiyo:

journalctl --list-boots

Kila uwashaji una namba, mfano -4. Kisha:

journalctl -b -4 -u ssh -o short-monotonic
journalctl -b -4 -u systemd-timesyncd -o short-monotonic
journalctl -b -4 -u systemd-timesyncd -o short-iso

Tuchukue mfano wa namba utakazozikuta. Zako zitatofautiana kidogo. Tuseme mhasibu alikubaliwa na sshd sekunde ya 1020 tangu kuwaka. Tuseme usawazishaji na mtandao ulikamilika sekunde ya 4800, na mstari huo huo kwa saa ya ukutani, sasa ikiwa sahihi, ni Jumatatu 09:10:00 za kwetu. Kati ya matukio hayo mawili kuna sekunde 3780, yaani saa moja na dakika tatu. Toa hiyo kwenye 09:10, unapata 08:07. Huo ndio muda halisi aliokaa kwenye kiti na kuingia. Toa sekunde zote 4800 na unapata 07:50, dakika ambayo seva iliwaka. Mwulize mlinzi au fundi umeme umeme ulirudi saa ngapi. Mambo matatu yakikubaliana, yaani hesabu ya sekunde, kitabu cha getini na kurudi kwa umeme, umemaliza.

Fanya hesabu hiyo kwa kila mtu aliyeingia kabla ya usawazishaji siku ile, usiifanye kwa mhasibu peke yake. Kama na meneja ameonekana Jumamosi usiku, bodi itaelewa haraka.

Kuna athari nyingine ya umeme utakayokutana nayo kwenye orodha hiyo hiyo. Mashine ikizimika ghafla, hakuna anayeandika kutoka. Last hulitambua hilo kwa kukuta uwashaji mpya bila kuzimwa kwa utaratibu, inaweka neno crash mahali pa saa ya kutoka, na urefu wa kikao inauhesabu mpaka mashine ilipowaka tena. Mtu aliyeacha dirisha wazi jioni ya Ijumaa anaweza kuonekana amefanya kazi wikendi nzima. Vikao vyote vyenye crash usivitumie kabisa kupima muda wa kazi wa mtu.

Vivyo hivyo kwa wanaotumia screen, au xterm kwenye mashine ya Linux, ambazo ni programu za kufungua madirisha ya kuandikia amri. Programu za namna hiyo zinaweza kuandika rekodi zao wenyewe kwa kila dirisha linalofunguliwa, kwa hiyo muda unaouona ni wa dirisha, siyo wa mtu kuingia kwenye mashine. Ukikuta mtu mmoja ana mistari mitano ndani ya dakika kumi, angalia hilo kwanza.

Mstari wa 1970: utazame wote. Kama umeanza na [0], hauna jina la mtumiaji wala anwani, hiyo si rekodi ya mtu. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, faili inaweza kubaki na kipande kilichojaa sifuri, na sifuri ikitafsiriwa inakuwa 1970-01-01T00:00:00 za UTC. Kwa saa zetu, Alhamisi saa 03:00. Pima pia ukubwa wa faili kwa stat -c %s /var/log/wtmp, ugawe kwa 384. Kukiwa na baki, rekodi moja imekatika njiani, na mistari inayoifuata inaweza kusomeka vibaya. Ungekuta 1970 yenye jina la mtumiaji na anwani kamili, ningekuuliza kama mashine ni kompyuta ndogo kama Raspberry Pi za zamani, au kifaa kingine kisicho na saa yake ya ndani. Kwa kompyuta ya kawaida kama yako, naitilia shaka diski kabla ya saa. Mwombe fundi aiangalie kwa smartctl, amri ya kupima afya ya diski.

Je, seva imeingiliwa? Swali lako ni halali na lisipuuzwe. Mwenye nguvu za root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, anaweza kuhariri wtmp, kwa hiyo isiwe shahidi pekee. Linganisha kila kuingia kwa wtmp na mistari ya Accepted (aliyekubaliwa) kwenye auth.log, faili ya maandishi ya majaribio ya kuingia, na journald. Kuingia kulikopo auth.log lakini hakupo wtmp, kutoka anwani usiyoijua, ndiko kunakostahili kukukosesha usingizi. Angalia na lastb uone majaribio yaliyoshindikana. Tahadhari: kwenye matoleo ya zamani ya Ubuntu auth.log haina mwaka wala ukanda kwenye mistari yake, na ni maandishi yaliyokwisha kukokotolewa, hayatabadilika kwa kuweka TZ.

Ukishakusanya yote hayo, sasa rekebisha. Badilisha betri kwanza. Ni kitu cha bei ndogo. Kisha:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true
sudo hwclock --systohc
sudo systemctl restart rsyslog cron

Amri ya mwisho wengi huisahau. Programu iliyowaka kabla ya badiliko inaweza kuendelea kushika ukanda wa zamani, ukapata kumbukumbu mbili za siku moja zinazopishana saa tatu. Angalia pia fayawali yenu iruhusu UDP ya mlango wa 123 kwenda nje, vinginevyo timedatectl itaendelea kusema saa haijasawazishwa. Kwa ofisi moja kama yenu napendelea saa za kwetu, kwa sababu wasomaji wa orodha ni bodi, siyo wahandisi. Mngekuwa na tawi Goma au Bujumbura ningekushauri ubaki na UTC na kutafsiri wakati wa kuchapa ripoti. UPS, betri ya akiba inayoshikilia umeme ukikatika, nayo ni lazima, na iwe na waya wa kuiambia seva ijizime kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha.

Baada ya kubadilisha ukanda, mistari ya kawaida kama ile ya tarehe 11 itaonekana sahihi yenyewe, maana namba zake zilikuwa sahihi siku zote. Ile ya tarehe 14 haitabadilika isipokuwa kwa saa tatu, na itabaki na kosa lake milele. Usiihariri. Utmpdump ina uwezo wa kurudisha faili iliyorekebishwa kwa mkono, na mtu anaweza kukushauri hivyo kwa nia njema. Ukifanya hivyo, kumbukumbu nzima inapoteza thamani, na wewe mwenyewe unakuwa mtuhumiwa. Acha rekodi ilivyo, ambatanisha hesabu.

Kwenye ripoti andika aya mbili tu mwanzoni, kwa Kiswahili cha kawaida: kwamba saa zote kwenye orodha ya kwanza zilichapwa kwa UTC na ziko nyuma kwa saa tatu, na kwamba vikao vilivyoanza kati ya seva kuwaka na saa kusawazishwa tarehe 17 Machi vimeandikwa kwa tarehe isiyo sahihi, muda wake halisi ukiwa ni huu na huu, kwa hesabu iliyoambatanishwa. Weka picha ya skrini na simu, alama za sha256, na nakala ya ukurasa wa kitabu cha getini. Jina la mhasibu liandike waziwazi pamoja na saa zake halisi, ili kusafishwa kwake kuwe kwenye karatasi ile ile ya bodi, siyo maneno ya koridoni.

Ukiona kikao chochote ambacho hesabu ya sekunde haikifafanui, nitumie mstari wake wa utmpdump na mistari ya journald ya uwashaji ule ule, dakika kumi kabla na kumi baada, tukiangalie pamoja.